Rafiki Kwanza, Mto Baadaye

Neno letu "safari" asili yake ni Kiarabu, na wajuzi wa lugha hiyo hulihusisha na maana ya kufunua. Wanasema safari imeitwa hivyo kwa kuwa huzifunua tabia za watu zilizojificha nyumbani. Kisa cha Sayyidna Umar ibn al-Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, ni mashuhuri katika darsa zetu. Mtu mmoja alimsifu mwenziwe mbele yake, naye akamuuliza kama amewahi kuwa jirani yake, kama wamewahi kuaminiana katika fedha, na kama wamewahi kusafiri pamoja. Alipojibiwa kuwa halikutokea hata moja, akamwambia kuwa basi huyo hamjui.

Tunaikumbusha hekima hiyo kwa sababu ya jambo ambalo limeingia majumbani mwetu kupitia simu za vijana. Wanaona picha za watu wakiteremka maporomoko ya mto ndani ya boti ya mpira, maji yakiruka juu ya vichwa vyao, wote wakicheka. Kisha kijana wa Handeni au Korogwe humwendea baba yake na kumwambia: "Baba, mimi na rafiki yangu tunataka kwenda." Mzazi hubaki njia panda. Akikataa, ataonekana anamnyima mwanawe dunia. Akikubali, usingizi utamruka. Makala haya tunawaandikia wazazi wa namna hiyo pamoja na vijana wao.

Mto wetu wenyewe

Watu wa pande hizi si wageni wa mto. Pangani, ambao wengi wa Korogwe huuita Ruvu, hupata maji yake kutoka Kilimanjaro na Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huteremka kando ya milima ya Upare na Usambara. Hupita Korogwe na kuendelea hadi Bahari ya Hindi, kwenye mji unaobeba jina lake, baada ya mwendo wa takriban kilomita 500. Kwa mkulima wa mbogamboga mto huu ni riziki. Kwa mama aliyewahi kumsubiri mwanawe ufukoni mpaka magharibi ikaingia, ni jambo jingine kabisa. Mna mamba humo, na mna mikondo isiyoonekana kwa juu. Mvua kubwa za Oktoba 2019 zilipoifurisha mito ya mkoa wa Tanga, barabara ya Handeni na Korogwe ilikatika na watu walipoteza maisha.

Kijana aliyeona picha hizo huuliza kwa nini asiende Hale tu, karibu na nyumbani, ambako mto unaporomoka kati ya majabali. Jibu liko katika kazi ya mto wenyewe. Kituo cha umeme cha Hale, chenye mitambo ya megawati 21, kimekuwapo tangu 1964. Chini yake kuna kituo kipya cha maporomoko ya Pangani cha megawati 68, kilichoanza kazi 1995. Vituo hivi huyachukua maji ya mto na kuyapitisha chini ya ardhi ili yazungushe mitambo. Yanayobaki juu ya majabali huongezeka na kupungua kwa mvua na kwa mahitaji ya umeme. Jiwe ulilolikanyaga asubuhi laweza kufunikwa jioni. Hapo si mahali pa kuchezea boti.

Michezo ya maji makali ina mahali pake katika Afrika Mashariki. Kenya kuna Sagana, kwenye mto Tana. Uganda kuna Jinja, pale mto Nile unapotoka katika ziwa Viktoria, ambako shughuli hii imekuwa ikifanyika kibiashara tangu miaka ya 1990. Huko nako umeme umeyabadili maji. Bwawa la Bujagali, lililozinduliwa 2012, lilizamisha maporomoko mashuhuri ya jina hilo, na bwawa la Isimba la 2019 likazamisha mengine chini yake. Hata hivyo, yaliyobaki yanatosha kumtoa mtu machozi.

Amana ya mama

Tulikwenda Jinja sisi na rafiki yetu mmoja wa Korogwe, ambaye jina lake tunalihifadhi. Yeye alikuwa na sababu yake. Kaka yake mkubwa alichukuliwa na mto huu wetu akiwa kijana, na tangu siku ile wazazi walipiga marufuku watoto kuukaribia. Mwenzetu alifikisha umri wa kuoa akiishi mwendo wa dakika kumi kutoka mtoni bila ya kuwahi kulowa magoti ndani yake. Alituambia kuwa amechoka kuyaogopa maji ambayo huyasikia kila usiku.

Tulitoka Handeni tukapitia kwao kabla ya kupanda basi. Tulimwamkia mama yake, naye alipoitika alituuliza mbele ya mwanawe kama kweli tunakwenda kuingia mtoni. Mwenzetu alikuwa na njia rahisi ya kusema kuwa tunakwenda kutembea tu. Hakuisema. Alimweleza kila kitu: boti, maporomoko na hatari. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akatugeukia sisi. "Wanangu, maji usiyoyafika hujui kina chake. Huyu nakukabidhini. Nimekwisha mpa mto mmoja, sina wa pili wa kuupa." Tangu hapo hatukuwa tena watu wawili wanaokwenda kustarehe. Mmoja wetu alikuwa amana mikononi mwa mwenziwe.

Njia ni ndefu: Moshi, Arusha, Namanga, Nairobi, kisha mpaka wa Uganda. Mtu asiyekuwa na pasi ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano ataijutia mpakani. Sala tulizipunguza na kuzikusanya kama msafiri alivyoruhusiwa. Uchovu wa basi, ucheleweshaji na chakula kisichozoeleka vilitufundisha mengi kuhusu mwenzetu ambayo miaka kumi ya kunywa naye kahawa haikutufundisha. Tuligundua kuwa anapokuwa na hofu huwa hasemi. Hukaa kimya na kutabasamu. Jambo hilo dogo ndilo lililotufaa zaidi mtoni.

Asubuhi ya siku yenyewe tulivalishwa majaketi ya kuelea na kofia ngumu, kila mmoja akapewa kafi. Nahodha, kijana wa Jinja, aliketi nyuma. Kabla ya maporomoko alitupeleka kwenye maji tulivu akatufunza amri zake: mbele, nyuma, shika kamba, inama. Akaipindua boti makusudi ili kila mmoja aonje kuanguka. Akatuusia kuwa anayechukuliwa na maji alale chali, miguu itangulie upande mto unakoelekea, wala asijaribu kusimama, kwani mguu ukinasa kati ya mawe mkondo humlaza mtu kifudifudi. Pembeni walikuwapo watu wa mitumbwi midogo, kazi yao ni kuokota walioanguka tu.

Maporomoko hupangwa katika madaraja sita. La kwanza ni maji yanayotembea. La tano ni ghasia ya mawimbi inayohitaji ujuzi mkubwa. La sita halipitwi na boti za watalii: watu hushuka, wakatembea ukingoni na kupanda tena mbele. Katika poromoko la pili siku hiyo wimbi lilitupiga ubavuni na mwenzetu akatoweka. Tuliona kofia yake ikizama na kuibuka, kisha miguu yake ikitangulia vile alivyofunzwa. Alifikiwa na mtumbwi, akarejeshwa kwetu akikohoa. Wenzetu wa boti walimshangilia. Yeye alikaa kimya, akatabasamu.

Mbele yetu lilikuwapo poromoko la daraja la tano. Nahodha aliuliza kama yupo anayetaka kushuka na kupita ukingoni. Vijana wote walipiga makelele kuwa hashuki mtu. Mwenzetu hakupiga kelele wala hakuinua mkono. Aliendelea kutabasamu. Tuliinua mkono sisi, tukamwambia nahodha kuwa wawili watashuka. Wapo waliocheka. Nahodha hakucheka. Alitupeleka ukingoni bila ya neno, kama mtu aliyezoea kuona hivyo.

Tulitembea juu ya majabali, boti ikapita chini yetu, ikapinduka mbele ya macho yetu. Wote waliokolewa salama, Alhamdulillah. Mwenzetu alisema: "Ungeweza kwenda. Ulilipia." Tulimjibu kuwa mama yake alitukabidhi mtu, hakutukabidhi boti. Alilia kidogo, nasi tukaangalia pembeni. Tuliporudi botini kwa maporomoko madogo yaliyosalia, yeye ndiye aliyekuwa akipiga kafi kwa nguvu kuliko wote.

Wawili walioanzia Pangani

Yako mengine yanayouunganisha mto wetu na ule wa Jinja. Mapema mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliufuata mto Pangani kwenda bara, wakapanda milima ya Usambara mpaka kwa mtawala wa Wasambaa, Kimweri ye Nyumbai. Ilikuwa safari yao ya majaribio kabla ya ile kubwa ya kuyatafuta maziwa. Njiani, kwenye ngome ndogo ya askari wa Sultani wa Zanzibar huko Chogwe, walimkuta Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani India, kisha akarejea pwani akiwa huru. Wakamwajiri.

Wale wawili walivumiliana kwa maradhi na njaa, lakini hawakuweza kugawana sifa. Walipofarakana juu ya chanzo cha Nile, uhasama wao ukasomwa magazetini. Mwaka 1864 walikuwa wakutane mbele ya wataalamu kujadili jambo hilo. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe.

Mubarak Bombay ndiye aliyedumu. Alikuwa katika msafara wa Speke uliofika kwenye maporomoko ya Jinja 1862. Baadaye alisafiri na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima na Cameron mpaka pwani ya magharibi. Jumuiya ya kijiografia ya London ilimtunuku nishani ya fedha na posho ya uzeeni. Katika maelfu ya maili alizotembea, watu walimtaka tena na tena kwa kuwa waliweza kumwachia mizigo, watu na roho zao. Kama kuna jina ambalo kijana wa ukanda wa Pangani anapaswa kulijua anapofika ukingo wa Nile, ni hilo.

Kwa wazazi na vijana

Kwanza, mzazi amuulize kijana habari za rafiki kabla ya habari za mto. Ni nani huyo? Wamewahi kulala njaa pamoja? Akiona hofu ya mwenziwe atamcheka au atamshika mkono?

Pili, ruhusa itafutwe kwa ukweli. Kijana anayesema anakwenda kwa shangazi, kumbe yuko mtoni, amewanyima wazazi wake nafasi ya kumwombea dua na ya kujua wamtafute wapi.

Tatu, muulizeni mwenye boti maswali bila ya haya. Majaketi ni ya saizi ya kila mtu? Mna mitumbwi ya uokoaji? Mtu akitaka kushuka, ataruhusiwa? Mwenye boti anayekasirikia maswali hayo aachwe. Binti anayependa kwenda aulize pia juu ya mavazi ya stara yasiyozuia kuogelea, na juu ya nani atakaa naye botini.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, watoto wafunzwe kuogelea mahali salama na chini ya mtu mzima anayejua. Wazee wetu wa Kiislamu tangu zamani wameusia jambo hili. Tunaoishi kando ya mto tumelifanya kinyume: tunawafunza watoto kuogopa, halafu tunawatuma kuchota maji.

Mwenzetu amelifahamu hilo. Aliporejea alitafuta mwalimu mjini Tanga, akajifunza kuogelea katika bwawa, miezi mitatu, akiwa mkubwa kuliko wanafunzi wote. Siku hizi huwapeleka huko watoto wa dada zake, wawili wawili, nauli kutoka mfukoni mwake. Mama yake bado hapendi kusikia habari za mtoni. Lakini mwezi uliopita, wajukuu walipokuwa wakiondoka, yeye ndiye aliyewakunjia taulo.