Ghala la Wingu na Mafunzo ya Mwaka 2024

Dereva wa lori atokaye Mombasa hasimami tena mara mbili mpakani Busia. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe na Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta, tarehe 24 Februari 2018, aingiaye Uganda hukaguliwa upande wa Uganda tu. Hati zake hutangulia kwa kompyuta, na kodi hulipwa kabla mzigo haujaondoka bandarini. Njia ya mawasiliano ikikatika, karani hukaa bure na malori hupanga foleni.

Katika mambo hayo wataalamu hutaja sana neno "wingu". Wingu hilo haliko angani. Ni majumba yaliyojaa kompyuta, ambamo serikali, mabenki na raia hukodi nafasi ya kuweka kumbukumbu zao, kama mkulima awekavyo mahindi katika ghala la ushirika. Mengi ya majumba hayo yako ng'ambo, na hufikiwa kwa mikongo iliyolazwa chini ya bahari. Uganda haina pwani. Kwa hiyo huifikia mikongo hiyo kwa kupitia nchi jirani, na Busia ni mmojawapo wa milango yake.

Mwaka 2024 ulidhihirisha udhaifu wa ghala hilo. Mwezi Februari mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu. Inaaminika kuwa iliburutwa na nanga ya meli Rubymar, iliyokuwa imeshambuliwa. Tarehe 12 Mei mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Uganda na Tanzania. Tarehe 19 Julai kasoro katika programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike ilizima kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na safari nyingi za ndege zikaahirishwa.

Je, mbele kuna nini? Yaelekea maghala yatasogezwa karibu na wenye mali. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, iliwahi kuwa na mitambo yake Ujerumani, hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Mwezi Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa dola bilioni 1, pamoja na ghala la kumbukumbu huko Olkaria litakalotumia umeme wa mvuke wa ardhini. Hata hivyo, tangazo ni jambo moja na jengo ni jambo jingine. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na bila shaka swali la nani ashike ufunguo wa ghala litazidi kuwa swali la usalama wa taifa.

Jamaa za askari nazo zinahusika. Baba aliye kambini hutuma matumizi ya nyumbani kwa simu, na vyeti vya watoto hupigwa picha na kuhifadhiwa humo humo. Yafaa mama wa nyumbani aweke fedha taslimu za siku mbili tatu, nakala za karatasi za vyeti na hati ya shamba, na daftari la namba muhimu za simu. Mkongo ukikatika baharini, chakula cha jioni hakitangoja utengenezwe. Akiba haiozi.