Tengeneza, karabati, tunza: maneno ya mwenye trekta lililotumika

Kitenzi tengeneza ni miongoni mwa vitenzi vyenye kazi nyingi mno katika Kiswahili. Kiwanda hutengeneza sabuni, mpishi hutengeneza chai, seremala hutengeneza kitanda kipya, na seremala huyo huyo hutengeneza kitanda kilichovunjika. Asili yake ni tengenea, yaani kukaa sawasawa au kuwa katika hali nzuri. Kilipotiwa kiambishi cha usababishi, maana ikawa kukifanya kitu kikae sawasawa. Kitu hicho chaweza kuwa kipya au kilichoharibika, kitenzi hakibagui.

Katika mazungumzo ya kila siku upana huo hauna madhara. Madhara huanza panapouzwa mashine. Mkulima wa Kiwangwa au Fukayosi, wilayani Bagamoyo, anayenunua trekta lililotumika mwezi wa Februari ili awahi kulima kabla ya masika, huambiwa na muuzaji: "Trekta hili limetengenezwa." Kisarufi sentensi haina kosa. Lakini yaweza kumaanisha kwamba injini ilifunguliwa ikapangwa upya kwa vipuri vipya, na yaweza kumaanisha kwamba bomba lililokuwa likivuja lilifungwa kwa mpira, kisha bodi ikapakwa rangi. Tofauti ya maana hizo mbili yaweza kumgharimu mnunuzi msimu mzima. Makala haya yanayapambanua maneno yanayotumika kati ya muuzaji, mnunuzi na fundi, pamoja na kazi ambazo maneno hayo huzitaja.

Maneno ya hali ya chombo

Lililotumika ni neno lisiloegemea upande wowote: linasema tu kwamba chombo kilikuwa na mwenyewe kabla yako. Mtumba hapo awali ni furushi au robota la bidhaa. Siku hizi ni kila kitu kilichotumika nje ya nchi kikaletwa kuuzwa. Kwa hiyo trekta la mtumba ni neno la mahali chombo kilikotoka, wala si la ubora wake. Trekta la mtumba laweza kuwa halijachoka hata kidogo, lakini likawa la aina ambayo vipuri vyake havipatikani Dar es Salaam. Trekta lililotumika hapa hapa nchini laweza kuwa limechoka zaidi, lakini mafundi wanalijua na vipuri vyake vipo dukani.

Kivumishi -kuukuu hutaja uchakavu unaoletwa na matumizi ya muda mrefu. Mkweche ni chombo kikuukuu kinachokwenda kwa shida, na neno lenyewe lina dharau ndani yake. Skrepa ni chuma kinachouzwa kwa kilo. Umri peke yake haukifanyi chombo kuwa mkweche. Massey Ferguson 135 ilianza kutoka kiwandani mwaka 1964, na trekta la aina hiyo lililotunzwa laweza kulima vizuri kuliko jipya zaidi lililotelekezwa.

Kazi ya trekta hupimwa kwa saa, si kwa kilomita. Mita ya saa huonyesha injini imefanya kazi kwa muda gani. Hata hivyo mita huharibika, na hubadilishwa. Mnunuzi mwenye busara huitazama mita, kisha hutazama mahali ambapo saa hujiandika zenyewe: kanyagio la klachi lililolika, usukani unaochezacheza, na pini za mikono ya nyuma zilizopanua matundu yake.

Vitenzi vinne visivyolingana

Tunza ni kukifanyia chombo kizima yale yanayokizuia kisiharibike: kubadilisha oili na chujio, kutia grisi, kusafisha chujio la hewa, kukagua maji. Gerejini kazi hii huitwa sevisi. Katika maandishi rasmi huitwa matengenezo ya kinga.

Rekebisha ni kukirudisha kitu katika kipimo chake bila kubadilisha kipuri. Mkanda wa feni uliolegea hurekebishwa, na vivyo hivyo kanyagio la klachi lililopoteza nafasi yake, au breki mbili za nyuma zisizoshika kwa nguvu sawa.

Tengeneza, kwa maana yake finyu, ni kuondoa hitilafu moja inayojulikana: stata isiyozungusha, rejeta inayovuja, haidroliki isiyoinua plau.

Karabati ni kazi kubwa ya kurudisha hali ya jumla. Majengo hukarabatiwa, na injini pia. Fundi anaposema "tumefanya ovahoo" anadai kwamba injini ilifunguliwa, na kwamba ringi za pistoni, beringi za mhimili mkuu na gasketi zilibadilishwa. Dai hilo ni zito, na huthibitishwa kwa stakabadhi za vipuri. Rangi mpya si ushahidi.

Neno karabati lisichanganywe na kalafati, ambalo watu wa pwani wanalijua vizuri. Kukalafati ni kuziba nafasi zilizo kati ya mbao za chombo cha baharini kwa pamba na mafuta, ili maji yasiingie. Mafundi wa vyombo wa Bagamoyo hawangoji chombo kizame ndipo wakikalafati; hukipandisha ufukweni kikiwa bado kizima. Kwa hiyo, ingawa jina lake linakaribiana na karabati, kwa maana kukalafati kuko karibu zaidi na kutunza. Methali ya "usipoziba ufa utajenga ukuta" huwafaa wenye majahazi na wenye matrekta vilevile.

Mafuta, maji na upepo

Trekta likishafika nyumbani, sevisi ya kwanza haingoji hitilafu. Sababu ni kwamba mwenye trekta mpya hajui oili iliyomo ina umri gani. Ataanza upya hesabu ya saa siku ile anapobadilisha kila kimiminika na kila chujio. Hapa tena maneno mapana yanahitaji uangalifu.

Mafuta ni neno la dizeli, la oili ya injini, la oili ya gia, la haidroliki na hata la kupikia. Agizo la "tia mafuta" likimfikia kijana asiye na uzoefu, laweza kupeleka kimiminika kisichofaa mahali pasipofaa. Afadhali kila kimoja kiitwe kwa jina lake: dizeli, oili ya injini, oili ya gia, haidroliki, mafuta ya breki, grisi. Oili ya injini humwagwa injini ikiwa na joto kiasi, ili uchafu utoke nayo. Ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia ndani yake. Chanzo huenda ni gasketi au ufa, na hapo sevisi peke yake haitoshi. Ikitoka na vipande vya chuma vinavyong'aa, beringi zinalika.

Maji nayo ni mawili. Maji ya betri ni yale yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanya mvuke wake. Maji ya rejeta ni ya kupoza injini. Karibu na bahari visima vingi hutoa maji yenye chumvi, na maji hayo yakitiwa katika rejeta huleta kutu na magamba yanayoziba njia zake. Kimiminika maalumu cha kupozea, kilichochanganywa na maji safi, ndicho kinachofaa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto, kwa sababu maji yaliyobanwa hururuka na kuunguza.

Upepo katika lugha ya gereji ni hewa. Tairi hujazwa upepo. Mfumo wa dizeli hutolewa upepo. Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia kama ile ya petroli: dizeli hushika moto kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Ili ifike huko, dizeli husukumwa na pampu kwa kani kubwa hadi kwenye nozeli. Hewa ikiingia njiani, kwa mfano chujio lilipobadilishwa, pampu huibana hewa badala ya kusukuma dizeli, na injini haiwaki ijapokuwa tangi limejaa. Fundi hulegeza skrubu za kutolea hewa, kuanzia upande wa chujio kwenda upande wa nozeli, na kusukuma dizeli mpaka itoke bila mapovu. Mwenye trekta asiyelijua jambo hili huweza kuuziwa pampu mpya wakati upepo ndio uliohitaji kutolewa.

Hewa ya bahari pia ina chumvi, na chumvi hula nyaya na vichwa vya betri. Vichwa hivyo husafishwa na kupakwa grisi. Waya wa hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa chuma cha trekta isitoe cheche.

Kuzimika, kufa na moshi

Injini iliyozimwa imesimamishwa na dereva. Iliyozimika imesimama yenyewe, pengine kwa kukosa dizeli au kwa kuzidiwa na mzigo. Iliyokufa, au iliyonoki kama wasemavyo mafundi, imeharibika ndani. Mteja anayempigia fundi simu na kusema "injini imekufa" ilhali imezimika tu, amemwandaa fundi kwa kazi kubwa na gharama kubwa.

Moshi nao una lugha yake. Mweusi unaoendelea kutoka huonyesha dizeli nyingi kuliko hewa. Huenda chujio la hewa limejaa vumbi. Wa bluu ni wa oili inayoungua ndani ya silinda, dalili ya ringi zilizochoka. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto huwa ni dizeli isiyoungua au maji. Ndiyo maana mnunuzi huomba trekta lisiwashwe kabla hajafika: injini iliyokwisha kupashwa joto huficha mengi ambayo ya baridi huyasema.

Funzo la Kongwa

Nchi hii inao mfano mkubwa wa gharama ya kununua mashine zilizotumika bila kuzipa matunzo. Mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipoanzisha Mradi wa Karanga huko Kongwa, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Dodoma, matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi, kwani vita vilikuwa vimekwisha juzi tu. Yakanunuliwa yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka Ufilipino, na baadaye vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Mitambo iliteremshwa bandarini Dar es Salaam mingi ikiwa imechoka, ikapelekwa kwenye vichaka na udongo mgumu kabla gereji, vipuri na mafundi wa kutosha havijawa tayari. Mingi ilikuwa imesimama kabla mwaka huo haujakwisha. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufikia 10,000. Ukame na udongo vilichangia pia, na Januari 1951 mradi ukafutwa. Waliouendesha walikuwa na fedha nyingi kuliko mkulima yeyote wa bonde la Ruvu, na bado mashine zilizonunuliwa bila kukaguliwa na kutunzwa ziliwashinda.

Maneno ya usalama

Mhimili wa nyuma unaozungusha mitambo, ambao mafundi huuita pitio, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Ncha ya kanga, msuli au kanzu ikinaswa, hakuna muda wa kupiga kelele. Kifuniko cha mhimili huo kikikosekana, kirudishwe kabla trekta halijaenda shambani. Vilevile, "limeinuliwa" si sawa na "limekaa juu ya magogo": jeki huinua, lakini haishikilii. Hakuna anayeingia chini ya trekta au ya plau iliyoinuliwa kwa jeki au haidroliki pekee. Plau hushushwa chini, injini huzimwa, ndipo spana hushikwa.

Matumizi yanayopendekezwa

Katika makala haya trekta limewekwa katika ngeli ya li-/ya-: trekta hili, matrekta haya. Wengi husema pia trekta hii, trekta hizi. Muhimu ni mwandishi kushika njia moja katika andiko moja.

Kuhusu tengeneza, hatupendekezi kitenzi hiki kiachwe, bali kipewe yambwa iliyo wazi. Badala ya kuuliza, "Je, limetengenezwa?" mnunuzi aulize: "Kilichobadilishwa ni nini, lini, na mita ilikuwa ikisoma saa ngapi?" Badala ya kumwambia fundi, "Nitengenezee trekta," aseme: "Badilisha oili ya injini na chujio lake, toa upepo kwenye dizeli, rekebisha klachi, ukiona jingine, niite kabla hujalifungua." Majibu yaandikwe katika daftari linalokaa pamoja na trekta, likiwa na tarehe, saa za mita na jina la kipuri. Siku trekta litakapouzwa tena, daftari hilo litamwonyesha mnunuzi mpya maana halisi ya sentensi "limetengenezwa".