Haraka ina bei yake: jinsi malipo yanavyopita benki

NGUVUMALI, Tanga – Mfanyabiashara wa hapa anayeleta machungwa kutoka Muheza anaijua hesabu hii. Lori likisubiri hadi lijae, nauli ya kila gunia hushuka, lakini gunia lililopakiwa kwanza hukaa juani. Likiondoka nusu tupu, mzigo huwahi sokoni na nauli hupanda.

Mitambo ya kompyuta ya mabenki nayo hubanwa na hesabu hiyo: muamala mmoja unasubiri muda gani, na miamala mingapi inakamilika kwa saa.

Hundi huenda kwa mafungu. Mabenki hukusanya madai, huyalinganisha, kisha hulipana tofauti tu. Hundi nyingi hupita kwa fedha kidogo, ila mwenye hundi husubiri.

Mwaka 2004 Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mfumo wa TISS, ambao hukamilisha kila malipo peke yake, papo hapo, bila kurudishwa nyuma. Gharama yake ni kwamba benki inayolipa lazima iwe na fedha za kutosha katika akaunti yake Benki Kuu saa hiyo hiyo. Zikipungua, malipo hupanga foleni.

Mwaka 2015 ukaja mfumo wa TACH. Hundi bado zinakwenda kwa mafungu, lakini inayosafiri ni picha yake, si karatasi. Kusubiri kumepungua bila kupoteza faida ya wingi.

Jambo la kuangalia ni mwisho wa mwezi. Katika foleni ya dirisha moja ambako wateja hufika bila mpangilio, dirisha linalotumika asilimia 90 ya uwezo wake humchelewesha mteja mara kadhaa kuliko linalotumika asilimia 50. Kazi haijafika hata maradufu. Mitambo haitofautiani sana na dirisha hilo.

Kwa hiyo, mishahara na madeni yasiyo na haraka yaende kwa mafungu, siku mbili tatu kabla ya tarehe. Njia ya papo hapo iachiwe mzigo ambao muuzaji hautoi bila kuona fedha. Na anayetaka kununua hisa za benki asiridhike na kasi ya wastani inayotangazwa. Aulize mteja alisubiri muda gani siku ya mishahara.