Kufuli la Programu na Riziki ya Studio

Kijana afunguaye studio ya picha za harusi na kaswida mjini Moshi huanza kwa kununua kompyuta iliyokwisha kutumika. Mara nyingi huikuta tayari ina Photoshop iliyovunjwa kufuli, naye muuzaji humwambia kuwa hiyo ni zawadi.

Kufuli hilo ni uhakiki ambao kampuni huufanya kupitia intaneti, ili kujua kama mtumiaji amelipa. Tangu mwaka 2013 matoleo mapya ya programu hiyo hayauzwi moja kwa moja, bali hukodishwa kwa mwezi au kwa mwaka. Kwa kijana wa Kibosho au Machame asiye na kadi ya benki, mzigo huo ni mzito, nasi hatuna budi kukiri.

Hata hivyo, ughali hauhalalishi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Nayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta. Ajabu ni kwamba kijana huyo huyo hulalamika kaswida zake zikinakiliwa stendi!

Zipo GIMP kwa picha, Audacity kwa sauti na Kdenlive kwa video. Watungaji wake wamezitoa bure, hata kwa kazi ya malipo, na wameruhusu zinakiliwe. Aliyezipakua mjini aweza kumpelekea nduguye mlimani ndani ya flashi.