Profesa Aliyefuata Kupe Akakuta Mito ya Matope

Mama wa Nakivale atokaye alfajiri kutafuta kuni anajua jambo ambalo Profesa Wangari Maathai wa Kenya alilifikia kwa njia ndefu ya vitabu. Makazi hayo ya wakimbizi, kusini-mashariki mwa Mbarara, yalianza mwaka 1958, na tangu hapo watu wa Rwanda, Kongo, Burundi na Somalia wamepikia kuni za vilima vile vile.

Maathai, mzaliwa wa Nyeri mwaka 1940, alisomea biolojia Marekani. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Wafugaji wa Ankole wataielewa kazi yake: alikwenda mashambani kukusanya kupe, ili achunguze ndigana kali, maradhi yauayo ndama. Huko aliona mito imegeuka matope, ng'ombe wamekonda na malisho yamekwisha. Akatambua kwamba ardhi tupu ilikuwa hatari kubwa kuliko kupe.

Tarehe 5 Juni 1977 akina mama walipanda naye miti saba Nairobi. Mabwana misitu walidai kazi hiyo yahitaji stashahada. Akina mama wakaotesha mbegu katika vyungu vilivyovunjika, wakalipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Kufikia mwaka 2004 walikuwa wamepanda miti ipatayo milioni 30.

Siasa ilimgharimu. Mwaka 1982 aliacha ualimu wa chuo kikuu agombee ubunge. Akazuiwa, na chuo kikakataa kumrudisha, naye ana watoto watatu. Mwaka 1992, akiwa na akina mama waliodai wana wao waliofungwa, alipigwa na polisi hata akazimia. Askari asomaye haya na akumbuke kwamba miaka kumi baadaye mama huyo alichaguliwa mbunge wa Tetu kwa asilimia 98 ya kura, kisha akawa naibu waziri wa mazingira. Mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011.

Wanajeshi aliwahi kuwaambia washike bunduki kwa mkono mmoja na mche kwa mwingine, maana nchi wanayoilinda huchukuliwa na maji na upepo.

Nakivale na Mbarara, miche hupandwa mvua za Septemba zinapoanza. Mbuzi wafungwe mbali, na maji ya kuoshea vyombo yamwagwe shinani.