Kurekebisha Kasoro za Uso katika Vipande vya Nyuzi Vilivyoundwa kwa Mkono: Kutoka Kaboni hadi Mkonge wa Korogwe na Handeni

Ni nadra kwa kipande cha nyuzi za kaboni kilichoundwa kwa mkono kutoka kwenye kalibu kikiwa hakina kasoro. Kasoro ya kawaida zaidi ni vitundu vidogo, mithili ya tundu la sindano, vinavyotokea pale hewa inaponaswa kati ya kitambaa cha nyuzi na ukuta wa kalibu. Ya pili ni sehemu kavu, ambamo nyuzi hazikulowa gundi ya kutosha. Utaratibu wa kuzirekebisha umekwisha kuzoeleka: uso husuguliwa kwa msasa, vumbi huondolewa, vitundu hujazwa epoksi, kisha uso husuguliwa tena kwa msasa laini na maji, na hatimaye hupakwa vanishi. Makala hii inachunguza iwapo utaratibu huo unaweza kuhamishiwa, kama ulivyo, kwenye nyuzi zinazozalishwa Korogwe na Handeni, yaani singa za mkonge.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1000 kutoka Florida. Iliyosalia hai ilikuwa 62 tu. Hadi leo, sehemu kubwa ya singa zinazopita kwenye korona na kuanikwa juani huishia kuwa kamba na bidhaa za kufuma. Singa hizohizo zinaweza pia kuimarisha gundi na kuunda vitu kama madigadi ya pikipiki au vifuniko vya mashine. Hata hivyo, fundi anayejaribu kazi hiyo hukuta kwamba maelekezo mengi ya ukarabati yameandikwa kwa ajili ya kaboni au faiba ya kioo. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Uzi wa kaboni una kipenyo cha mikroni 5 hadi 10 na haunywi maji. Singa ya mkonge huweza kufikia mikroni 100 hadi 300, na kwa hakika si uzi mmoja bali fungu la seli ndefu, kila moja ikiwa na mfereji katikati. Takriban theluthi mbili ya singa ni selulosi, ambayo huvuta maji kwa urahisi. Msasa unapokata singa iliyojitokeza juu ya uso, hufungua mifereji hiyo. Maji ya kusugulia, ambayo kwenye kaboni huzuia vumbi na kulainisha kazi, hapa hunyonywa kuelekea ndani. Singa hufura, ikikauka husinyaa, na kila mzunguko wa namna hiyo huibandua kidogo kutoka kwenye gundi. Kwa hiyo kitundu ambacho kwenye kaboni aghalabu ni doa la sura, kwenye mkonge ni mlango wa uharibifu.

Utaratibu, basi, hauna budi kubadilishwa. Kipande kikaushwe kwanza mahali penye joto la wastani. Joto kali halifai, kwa kuwa epoksi iliyogandia katika joto la kawaida la chumba huweza kuanza kulegea kwenye nyuzi joto 50 hadi 60. Usuguaji ufanyike kukavu, kwa barakoa, na usimame mara tu ncha za singa zinapoonekana. Baada ya vumbi kufutwa, ipakwe epoksi nyepesi isiyochanganywa na unga wowote, ili ipenye kwenye ncha zilizokatwa. Ipakwe mara ya pili ya kwanza ingali inanata. Vitundu vijazwe baada ya hapo kwa epoksi iliyotiwa unga wa kuizidishia uzito. Mafundi wengi wangetamani kuanza na hatua hii ya mwisho, kwani ndiyo inayoonekana. Lakini uji mzito hufunika mdomo wa kitundu na kuacha hewa chini yake. Maji yatumike kusugulia tabaka la mwisho pekee, baada ya singa zote kufunikwa.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, unyevu wa bonde la Pangani huko Korogwe huweza kusababisha baadhi ya epoksi kutoa utando wenye utelezi unapogandia. Utando huo huyeyuka majini, hivyo huoshwa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha uso ukakaushwa kabla ya msasa. Ukisuguliwa bila kuoshwa, msasa huusambaza tu, na tabaka linalofuata hukosa kushika.

Kabla ya hayo yote, kipande kigongwe taratibu kwa sarafu, hatua kwa hatua, kuzunguka kila kasoro. Mlio mkavu na mkali huashiria kwamba matabaka yameshikana. Mlio mzito wenye uwazi huashiria kwamba yameachana ndani, na kipande kama hicho, hasa kikiwa cha kubeba mzigo, hakitengenezwi kwa kujaza uso: sehemu iliyoachana hukatwa na kujengwa upya, au kipande chote huwekwa kando.