Kisukari na Uoni: Kwa Nini Mzigo Haulingani

Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa midogo ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mishipa hiyo huvuja au kuziba, na uoni hufifia.

Madhara haya hayawapati watu wote kwa kiwango kimoja. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Marekani mwaka 2005 hadi 2008, kwa wenye kisukari waliotimiza umri wa miaka 40, ulibaini ugonjwa huu wa retina kwa asilimia 38.8 ya Weusi na asilimia 26.4 ya Weupe. Ugonjwa uliofikia hatua ya kutishia uoni ulikuwa asilimia 9.3 kwa Weusi na asilimia 3.2 kwa Weupe.

Tofauti hiyo isichukuliwe kuwa hukumu ya nasaba. Hatari huongezeka sukari na shinikizo la damu visipodhibitiwa, na udhibiti huo hutegemea pia kipato, bima ya afya na ukaribu wa huduma.

Hatua za mwanzo hazina maumivu; mgonjwa huweza kuona vizuri huku retina ikiharibika. Kwa hiyo asisubiri ukungu machoni. Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe retina mara anapogundulika, kisha kila mwaka au kama daktari atakavyoelekeza. Mhudumu wa afya naye amuulize kila anapohudhuria kliniki: macho yalipimwa lini? Tiba ya leza au sindano ya jicho hufaa zaidi ikiwahi. Uoni uliokwisha kupotea si rahisi kurudi.